Gari la Marehemu Baba na Ahadi ya Fundi

Mazungumzo ya redio juu ya amani, kwa jamaa zilizohamishwa na kwa viongozi wa kartie

Nawasalimu ninyi wa Kapata, wa Musonoi, wa Luilu, wa Kasulo, wa Manika na wa Dilala. Nawasalimu kwa namna ya pekee jamaa zilizofika kwetu kutoka mbali kwa sababu ya vita na kufukuzwa. Nawasalimu pia ninyi viongozi ambao kila asubuhi mnakuta watu wamekaa mlangoni penu na kesi zao.

Katika vipindi vingi vya amani tunasikia habari za bunduki, majeshi na mapatano ya wakubwa. Leo tutazungumza juu ya gari la zamani lililowekwa juu ya mawe katika lupango, na juu ya fundi aliyepokea feza bila kumaliza kazi. Mtu ataniuliza: “Hayo nayo ni mambo ya amani?” Ndiyo, ni mambo ya amani. Wengi wetu hatukai meza moja na majenerali. Tunakaa na fundi, na mwenye duka, na jirani. Ugomvi unaoanza juu ya avansi ya dola mia chache unaweza kufika mahali ambapo kijana anasema: “Watu wa kabila lile ni wezi, warudi kwao.” Neno hilo likishasemwa mbele ya watu, hatuko tena katika habari ya gari.

GARI LA ZAMANI NI KITU GANI KWETU

Tuanze na gari lenyewe, kwa maana bila kufahamu thamani yake hatutafahamu hasira ya mwenyewe.

Kapata ni cité iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Wazee wetu walifanya kazi chini ya Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, na baadaye chini ya Gécamines. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katika siku zile mzee aliyekuwa na cheo kazini aliweza kununua gari. Wengine walipenda Peugeot 404, na hasa ile yenye turubai nyuma, tuliyozoea kuiita bâchée. Gari hilo lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1963, tena mwaka 1966, 1967 na 1968, katika matope na mawe kama yetu. Ndiyo sababu wazee walilipenda. Lilibeba unga, lilibeba mgonjwa kwenda hospitali, lilibeba bibi arusi na lilibeba jeneza.

Kisha kazi ikaanguka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji. Mwaka 1994 shaba iliyotoka ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikakawia. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini, wakapewa feza ya mwisho. Gari lililoharibika katika miaka ile halikupata feza ya kutengenezwa. Likasukumwa chini ya mwembe, likabaki hapo.

Kwa hiyo, mtoto anapotaka kulifufua gari la marehemu baba, hatafuti chombo cha kupanda tu. Anatafuta jina la baba yake lionekane tena barabarani. Na pengine anatafuta mkate pia, maana bâchée inayotembea inaweza kubeba makaa, mihogo na mifuko ya saruji. Feza anayompa fundi ni akiba ya mwaka mzima, na mara nyingine ni feza ya shule ya watoto. Viongozi, mkisikia kesi ya namna hii, msiseme: “Ni bati bovu tu.”

TUWEKE MFANO

Nitaweka mfano mmoja. Simtaji mtu yeyote, na asiwepo wa kusema nimemsema yeye. Lakini nafikiri wengi mtatambua mambo mliyokwisha kuona.

Kijana wa Kapata amerithi Peugeot 404 ya baba yake. Limekaa miaka mingi bila kutembea. Anampata fundi aliyefika kutoka Kasai baada ya fujo za Kamwina Nsapu, zilizoanza mwaka 2016 na kuwatoa watu zaidi ya milioni 1 nyumbani kwao. Fundi anatazama gari, anagonga bati, anasema: “Dola 900, kazi pamoja na piesi. Miezi mitatu.” Kijana anafurahi. Anatoa dola 600 siku ileile, mkono kwa mkono. Hakuna karatasi, hakuna shahidi.

Mwezi wa kwanza kazi inaendelea vizuri. Injini inatolewa na kufunguliwa. Mwezi wa pili fundi anasema piesi zinatoka Lubumbashi, ni mwendo wa kilomita karibu 300, avumilie. Mwezi wa tatu anasema mke wake ni mgonjwa. Mwezi wa tano hapokei simu. Mwezi wa nane kijana anaingia katika garaji bila kubisha hodi. Anakuta gari la baba yake halina milango, sakafu imekatwa nusu, kuku wanalala ndani. Na kabureta ya baba yake anaiona ndani ya gari la mtu mwingine.

Jioni ile anarudi na vijana sita. Mmoja ana chuma mkononi. Nao jirani za fundi, ambao wametoka naye Kasai, wanatoka nje ya nyumba zao.

Wasikilizaji, tusimame hapo. Saa hiyo mambo mawili yanawezekana. Tutazame kwanza lile baya.

NENO LINALOHARIBU

Sisi wa Katanga hatuna haki ya kujifanya hatujui mambo haya yanaishia wapi. Mwaka 1992 kule Likasi, na mwaka 1993 hapa Kolwezi, watu waliozaliwa hapa, waliosoma shule moja nasi na kushuka mgodini pamoja nasi, waliambiwa warudi Kasai. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Jamaa zilikaa kwenye vituo vya gari moshi wiki na miezi, wakingoja behewa, na watoto walikufa palepale kwa njaa na maradhi. Waliacha nyumba. Waliacha vyombo. Wengine waliacha hata magari.

Je, mambo yale yalianza kwa panga? Hapana. Yalianza kwa maneno. Kosa la mtu mmoja lilifanywa kosa la watu wote wa lugha yake. Mkubwa mmoja kazini alimpendelea ndugu yake, basi ikasemwa: “Ndivyo walivyo wote.” Wanasiasa walichukua manung’uniko hayo ya kila siku na kuyawashia moto.

Kwa hiyo, wapendwa, chungeni ulimi hasa siku ambayo mmedhulumiwa kweli. Kijana wetu amedhulumiwa, hilo sikatai. Lakini aliyemdhulumu ana jina moja. Akisema “huyu fundi hakutimiza ahadi”, amesema kweli, na kesi yake inaweza kusikilizwa. Akisema “watu hawa”, kesi yake imepotea, kwa sababu sasa hata fundi wa haki, hata mjane anayeuza maharagwe sokoni, ameingizwa katika deni la kabureta ambayo hajaiona.

MAFUNDI WATATU

Sasa tutazame sababu. Fundi asiyemaliza kazi si mtu wa namna moja. Mimi nawaona watatu.

Wa kwanza ni fundi asiyejua. Ni mwema, lakini alikubali kazi iliyo juu ya nguvu zake. Gari la zamani lina siri. Ukilitazama kwa nje unaona kutu kidogo mlangoni. Ukitoa kapeti unakuta sakafu yote imekwisha. Injini ya 404 imelazwa upande, na mitungi yake inazungukwa na maji. Ikikaa miaka mingi, kutu hushika ndani, na kuitoa bila kuvunja ni kazi ya saburi. Fundi aliyezoea magari ya Kijapani ya siku hizi huweza kutaja bei ya miezi mitatu kwa kazi ya mwaka. Huyu si mwizi. Amekosea hesabu, na sasa anaona haya kusema.

Wa pili ni fundi aliyebanwa. Huyu ni wa kawaida kuliko wote, tumfahamu vizuri. Anapokea avansi ya gari la kwanza, anakula na kulipa nyumba. Piesi za gari la kwanza atazinunua kwa avansi ya gari la pili. Gari la pili litangoja la tatu. Siku wateja wanapokatika, magari yote yanasimama, naye anaanza kukimbia. Desturi hii ya kutoa feza nyingi mbele ilipata nguvu katika miaka ya 1990, wakati feza yetu ilipokuwa inayeyuka mkononi. Mnakumbuka mwezi wa Oktoba 1993, zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Aliyepokea feza Jumatatu na kuiweka, Jumamosi hakuweza kununua kitu kilekile. Basi kila mtu alitaka kulipwa yote mbele na kuitumia mara moja. Leo tunahesabu kwa dola, lakini desturi imebaki.

Wa tatu ni mdanganyifu. Huyu alijua tangu siku ya kwanza kwamba hatafanya kazi. Anahama kartie baada ya kartie, anabadilisha namba ya simu, anauza piesi za watu. Huyu yupo katika kila kabila, na wa kabila lake ndio anaoanza kuwala.

Kwa nini nawagawanya? Kwa sababu dawa si moja. Wa kwanza anahitaji fundi mkubwa wa kumsaidia. Wa pili anahitaji mpango wa malipo unaomfunga. Wa tatu anahitaji mahakama. Ukimpiga wa kwanza kama wa tatu, umefanya dhuluma. Ukimbembeleza wa tatu kama wa kwanza, umepoteza feza.

Tuseme haki pia upande wa pili. Wako wateja wanaoleta gari na kupotea mwaka mzima. Wako wanaobadilisha mawazo kila wiki: leo wanataka rangi nyeupe, kesho ya bluu. Wako wanaonunua piesi mbovu kwa bei ndogo, kisha wanamlaumu fundi gari likizimika. Na wako wanaolichukua gari usiku baada ya kazi bila kumaliza deni. Fundi naye ana watoto.

KABLA YA KUTOA AVANSI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nitawapa mashauri machache. Mama mmoja nyumbani achukue kalamu aandike.

Kwanza, usitoe feza kabla gari halijachunguzwa. Mlipe fundi siku moja au mbili za kufungua na kutazama tu. Atoe kapeti, atazame sakafu na fremu kwa chini, ajaribu kuzungusha injini kwa mkono, atazame tangi la mafuta, breki na nyaya za umeme. Baada ya hapo ndipo ataje bei. Ukiona bei imezidi thamani ya gari, ni afadhali kujua leo kuliko baada ya miezi nane.

Pili, andikeni karatasi. Haihitaji Kifaransa kikubwa. Iandikwe kwa lugha ambayo wote wawili wanaisoma. Iseme kazi ipi, kwa bei gani, kwa siku zipi, nani atanunua piesi, na jambo gani litafanyika ikiwa ubovu mpya utaonekana. Neno hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, na magari mengi ya zamani yanaharibikia hapo. Andikeni hivi: “Ubovu mpya ukionekana, fundi atasimama, atamwita mwenye gari, watatazama pamoja kabla ya kuendelea.” Watie sahihi wote wawili na mashahidi wawili, mmoja wa kila upande.

Tatu, andikeni orodha ya vitu vyote vinavyotolewa kwenye gari: kabureta, betri, taa, vioo, viti, milango, hata vifuniko vya magurudumu. Mwenye simu yenye kamera apige picha. Vitu vidogo ambavyo fundi havihitaji, vichukue nyumbani kwako. Piesi ya gari la zamani ikipotea, kuipata tena ni kazi kubwa.

Nne, tenganisha feza ya piesi na feza ya mkono. Piesi nunua wewe mwenyewe pamoja na fundi, na risiti ibaki kwako. Feza ya mkono ilipwe kwa hatua: kidogo mwanzoni, nyingine bati linapokwisha, nyingine injini inapowaka, nyingine breki na taa zinapofanya kazi. Sehemu ya mwisho ibaki mpaka gari litembee. Kwa namna hiyo, kama jambo likiharibika, hasara ni ya hatua moja tu. Na fundi aliyebanwa atakuwa na sababu ya kurudi kwenye gari lako, kwa maana feza yake bado iko mbele.

Tano, pita garaji kila wiki, siku ileile, kwa heshima. Msalimu fundi, tazama kazi, andika ulichoona. Usingoje miezi nane ndipo uje na hasira. Hasira iliyokaa muda mrefu haisikii maelezo.

SHERIA INASEMA NINI

Watu wengi, wakikosana na fundi, wanakimbilia polisi wakisema: “Mfungeni mpaka alipe.” Tusikilizane vizuri hapa.

Sheria yetu ya mapatano ni ya tarehe 30 Julai 1888. Kifungu chake cha 33 kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale walioyafanya. Maana yake ile karatasi yenu ndogo ina nguvu, nanyi wote wawili mmefungwa nayo. Asiyeitimiza anaweza kupelekwa mbele ya mahakama ya amani, ile tunayoiita tribunal de paix, ili alazimishwe kulipa au kurudisha.

Lakini kushindwa kulipa deni peke yake si sababu ya kumtia mtu gerezani. Mapatano ya kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 1976, yanasema hivyo katika kifungu cha 11. Tena fikirini kwa akili tu: fundi aliye ndani ya kachot hagongi bati. Jamaa yake watauza vyombo vya kazi ili kumtoa, na feza hiyo haitafika kwako. Utabaki na gari lisilo na milango, na fundi asiye na nyundo.

Jambo ni lingine ikiwa fundi amechukua kitu ulichomkabidhi, akakiuza au kukitumia kana kwamba ni chake. Hilo sheria ya makosa inaliita abus de confiance, katika kifungu cha 95 cha kitabu chake cha pili. Hapo ni kosa la jinai, na una haki ya kushitaki. Kwa hiyo yule kijana wetu ana mambo mawili tofauti mkononi: kuchelewa, ambako ni habari ya mapatano, na kabureta, ambayo inaweza kuwa habari ya jinai. Asiyachanganye. Na kwa vyovyote, kupiga mtu na kuvunja garaji ni kosa pia. Mwenye haki anayepiga anahama upande. Asubuhi anakuwa mshitakiwa.

VIONGOZI, SIKILIZENI HIVI

Sasa turudi mahali tulipowaacha vijana sita na majirani. Nilisema mambo mawili yanawezekana. Tutazame lile jema, na namna chefu wa kartie anavyoweza kulifanya.

Afike upesi, na afike na mtu wa upande wa pili, mzee anayeheshimiwa na watu waliotoka Kasai. Watu wawili wakija pamoja, hakuna upande unaofikiri umevamiwa. Kazi ya kwanza ni kutawanya watu: “Ninyi mliosindikiza, rudini nyumbani. Kesi ni ya watu wawili. Kesho saa mbili asubuhi tutaitazama.” Usiku mmoja unapoza mambo mengi.

Kesho yake asikae ofisini. Aende garaji. Amsikilize mwenye gari mpaka mwisho, kisha fundi mpaka mwisho, bila kukatizwa. Asiulize: “Wewe ni mtu wa wapi?” Aulize: “Ulipokea ngapi? Ulifanya nini? Kitu hiki kiko wapi?” Maswali ya kazi yana majibu. Swali la kabila halina jibu linalotengeneza gari.

Halafu amwite fundi wa tatu, asiye ndugu wa yeyote, alipwe kidogo na pande zote mbili, apime kazi iliyofanyika. Katika mfano wetu, tuseme anapima hivi: piesi za injini zilizonunuliwa na kuwekwa ni dola 180, kazi ya injini ni dola 100, bati la sakafu lililokwisha kuchomelewa, pamoja na vifaa, ni dola 120. Jumla ni dola 400. Fundi alipokea 600. Kwa hiyo ana dola 200 za kijana, pamoja na kabureta.

Mnaona faida ya hesabu? Jana kijana alisema: “Amekula feza yangu yote.” Fundi alisema: “Nimefanya kazi kubwa na hanijali.” Leo wote wanaona kwamba kazi ilifanyika, na deni lipo. Hakuna aliyesema uongo wote, wala aliyesema kweli yote.

Ndipo mapatano mapya yaandikwe. Kabureta irudi katika siku 14, ileile. Zile dola 200 azimalize kwa kumaliza sakafu na kununua piesi za breki, risiti zikionyeshwa. Dola 300 zilizobaki katika bei ya kwanza zilipwe mara tatu, dola 100 kila mara: injini ikiwaka, breki na taa zikifanya kazi, na gari likipakwa rangi. Mdhamini wa fundi atie sahihi. Na iandikwe pia: ikiwa siku 14 zitapita bila kabureta, kijana atalichukua gari lake na piesi zake zote kwa orodha, atashitaki juu ya kabureta, na zile dola 200 zitakuwa deni la kulipwa dola 20 kwa mwezi, miezi 10.

Kuna neno jingine kwa viongozi, nalo ni gumu. Msiuze haki. Kiongozi akidai feza ya kiti, feza ya karatasi na feza ya kusikiliza, mwisho kesi ya dola 200 inagharimu 150. Hapo watu wanaona ni afadhali chuma na vijana sita. Na mkimpendelea mwenyeji kwa kuwa ni mwenyeji, mmewafundisha waliohamishwa kwamba hawana pa kulilia isipokuwa kwa watu wa lugha yao.

KWA JAMAA ZILIZOHAMISHWA

Mwisho, nataka kusema na ninyi mliohamishwa. Wengine mmefika kutoka Kasai. Wengine ni wa hapahapa, mmetolewa nyumbani kwa sababu ya migodi, kama jamaa za Kasulo zilizohamishwa mwaka 2017. Na wako wazee waliofukuzwa mwaka 1993 na kurudi baadaye.

Fundi aliyehama ana shida ambayo mwenyeji haioni. Ameacha vyombo vyake vya kazi, hana garaji, hakuna anayemjua. Ili apate mteja anataja bei ndogo na siku chache kuliko ilivyo kweli. Ndugu fundi, ninakuomba usifanye hivyo. Ahadi ni deni. Bei ndogo isiyotimizwa inakuletea aibu kubwa kuliko bei ya kweli iliyokataliwa. Tafuta mdhamini: mchungaji, padri, imamu au mzee wa kartie, aseme “namjua huyu”. Anza na kazi ndogo: breki, betri, taa. Jina lako lijengwe kwanza, halafu gari zima litakuja. Na siku unapoona umeshindwa, usizime simu. Nenda kwa mwenye gari kabla hajaja kwako, umwambie: “Baba, nilikosea hesabu. Kazi iliyobaki ni hii.” Atakasirika, lakini atakuwa amemkasirikia mtu anayesema naye.

Nawe mwenye gari uliyehamishwa, unayemwamini fundi wa kabila lako kwa kuwa ni wa kwenu, andika karatasi vilevile. Karatasi si matusi. Kati ya ndugu ndiyo inayolinda undugu.

Na kwa wale waliorudi na kukuta gari walilomwachia jirani limevunjwa piesi: najua uchungu huo. Lakini kabla ya kushitaki, kaeni na jirani, pamoja na shahidi, mfanye orodha. Kitu gani kiliibwa katika uporaji, kitu gani kiliuzwa ili watu wale, kitu gani bado kipo. Pengine mlango mmoja uko ndani ya nyumba yake mpaka leo, na yeye anaogopa kuusema. Mpeni nafasi ya kuusema.

Wapendwa wasikilizaji, juma hili, kila mwenye mapatano na fundi yasiyo na karatasi, amwendee, waandike. Kila chefu wa kartie amtafute fundi mmoja mwaminifu wa kupima kazi, jina lake lijulikane kabla ya ugomvi kutokea. Na kila mzazi amkataze mtoto wake kusema “watu hawa” pale anapotaka kusema “mtu huyu”.

Amani ikae Kapata, na katika Lualaba yote.